Steve Turre: tromboni, makome ya bahari na bendi ya Jumamosi usiku

Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani, hurushwa hewani saa tano na nusu usiku kwa saa za New York, moja kwa moja kutoka studio 8H ya kituo cha NBC pale Rockefeller Plaza. Kabla mchekeshaji yeyote hajafika jukwaani, bendi huwa imeshawapasha moto watu walioketi studio. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, na kwa miongo kadhaa baada ya hapo, mmoja wa wapulizaji wa bendi hiyo alikuwa bwana mwenye nywele ndefu zilizofungwa nyuma, ndevu za kidevuni na tromboni mkononi. Jina lake Steve Turre. Mtazamaji wa nyumbani alimwona sekunde mbili tatu, kamera ilipopita kwenye bendi kuelekea matangazo ya biashara, basi.

Bwana huyo huyo alishapiga na Ray Charles. Alikuwa mwanabendi wa Jazz Messengers ya mpiga dramu Art Blakey. Amekaa kwenye safu ya tromboni ya orkesta ya Thad Jones na Mel Lewis, amesafiri na mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, amepiga salsa na Walatino wa New York, amefundisha chuo cha muziki cha Juilliard, na juu ya hayo ameunda kwaya nzima ya makome ya bahari na kuyarekodi kama vyombo kamili vya jazi. Ukiyasoma mfululizo namna hii unaweza kudhani ni wasifu wa watu wanne uliochanganywa. Mimi naamini ni kazi moja. Na ile ya televisheni, ambayo mashabiki wengi wa jazi huichukulia kama kibarua cha pembeni, ndiyo inayosaidia sana kuzielewa nyingine.

Lakini hatuwezi kufika televisheni bila kupita kwenye chombo chenyewe.

Msomaji wa Afrika Mashariki amezoea zaidi tarumbeta na saksafoni, kwa kuwa ndizo zilizobeba muziki wetu wa dansi. Tromboni huiona kwenye bendi ya polisi au ya jeshi siku ya sherehe za kitaifa: ni yule anayesukuma na kuvuta bomba refu mbele ya uso wake. Tarumbeta ina vali tatu. Ukibonyeza, hewa inapita njia ndefu zaidi na sauti inashuka. Tromboni ya kawaida haina cha kubonyeza. Bomba lake likinyooshwa lina urefu wa kama mita 2.7, na sehemu yake moja inateleza. Mkono una nafasi saba za kusimama. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili ni sentimita 8 hivi. Kutoka ya sita kwenda ya saba ni kama 11, kwa sababu kadiri bomba linavyorefuka ndivyo unavyohitaji kulirefusha zaidi ili kushusha sauti kwa kiasi kile kile. Hakuna alama yoyote iliyochorwa kwenye bomba. Ukisimama sentimita moja mbele ya pale panapotakiwa, kila mwenye sikio anajua.

Katika kila nafasi, midomo ikikazwa au kulegezwa inatoa ngazi nzima ya sauti. Ndiyo maana nota moja inaweza kupatikana mahali zaidi ya pamoja: fa ya katikati ipo kwenye nafasi ya kwanza, ipo pia ya sita, re iliyo juu yake ipo ya kwanza na ya nne. Mpigaji hodari hachagui nafasi iliyo rahisi kwa nota aliyonayo. Anachagua ile inayomweka karibu na nota inayofuata, na uamuzi huo anaufanya mara nyingi ndani ya sekunde moja.

Tatizo linakuja hewa ikiendelea kupita wakati mkono unahama. Sauti inaburuzika kutoka nota moja hadi nyingine. Wapigaji wa zamani wa New Orleans waliufanya mburuzo huo kuwa raha ya muziki wao. Ulipoingia mtindo wa jazi uitwao bibopu miaka ya 1940, Charlie Parker na Dizzy Gillespie wakaja na misururu ya nota za kasi, kila moja imekatwa safi, ikaonekana tromboni imeachwa nyuma. Aliyeikomboa ni J.J. Johnson, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki 2001. Alipiga kwa usafi na kasi kiasi kwamba baadhi ya wasikilizaji wa santuri walidhani ametumia tromboni ya vali. Kila mpiga tromboni wa jazi ya kisasa, Turre akiwemo, amepita mlango ule. Mwaka 2003 Turre alitoa albamu nzima ya kumuenzi.

Kwa hiyo aliyejifunza jazi ya kisasa kwa tromboni anakuwa ameshalazimika kupata vitu viwili ambavyo studio ya televisheni inavitaka kuliko vingine: sikio linalojisahihisha lenyewe, na akili inayoamua kabla mkono haujafika.

Kutoka San Francisco hadi kwa Blakey

Turre alizaliwa Omaha, Nebraska, tarehe 12 Septemba 1948, akakulia eneo la ghuba ya San Francisco katika familia yenye asili ya Meksiko. Muziki ulikuwa wa familia: ndugu yake Mike alishika saksafoni, na Peter akawa mpiga dramu. Eneo lile, mwishoni mwa miaka ya 1960, lilikuwa na kila kitu kwa pamoja, roki, soul, jazi na muziki wa Kilatini, na wanamuziki wale wale walihama kutoka jukwaa moja kwenda jingine ndani ya wiki moja. Kijana Turre akajiunga na bendi ya ndugu wa Escovedo, Pete na Coke, waliokuwa wakipiga jazi ya Kilatini.

Hapa inafaa nieleze kitu ambacho wasifu mwingi hukiruka. Katika muziki wa Kilatini wa New York, tromboni si chombo cha nyuma. Mwaka 1961 Eddie Palmieri aliunda bendi yake ya La Perfecta akaweka tromboni mahali pa tarumbeta, na Barry Rogers akaipigia kwa sauti nzito yenye kingo kali ambayo baadaye ikawa ndiyo sauti ya salsa. Mpiga tromboni wa salsa hafanyi kazi ya kujaza nafasi. Anasimama mbele na kusukuma ngoma, na asipokaa sawasawa ndani ya mdundo wachezaji watasimama. Turre alipohamia New York aliingia pia kwenye mkondo huo, akipiga na vikundi kama Libre ya Manny Oquendo na Fort Apache ya Jerry González. Aliyetoka huko hababaiki akiambiwa ashike mdundo wa soul au fanki.

Mwaka 1972 alizunguka na Ray Charles. Orkesta ya Ray Charles ilipiga bluu (blues), gospeli, nyimbo za kantri na za mapenzi katika usiku mmoja, yote kwa nota zilizoandikwa, yote kwa kumfuata mwimbaji aliyeweza kupunguza mwendo hadi ukahisi wimbo umesimama. Kupuliza taratibu namna ile, safu nzima ikae pamoja bila mtu kukimbia mbele, ni kazi ngumu kuliko kupiga haraka. Watu wengi hawaamini hili mpaka wajaribu.

Mwaka uliofuata mpiga tarumbeta Woody Shaw alimpeleka kwa Art Blakey. Jazz Messengers ilikuwa chuo ambacho hakikutoa cheti: Blakey alichukua vijana, akawapa nafasi ya kupiga solo kila usiku mbele ya dramu zake zilizonguruma, na waliohitimu wakaenda kuongoza bendi zao. Tromboni ilishakuwa na historia kwenye bendi hiyo kwa sababu ya Curtis Fuller, aliyekuwemo katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1960. Turre hakuwahi kuisahau shule ile. Mwaka 2013 alitoa albamu pamoja na Frank Lacy, Robin Eubanks na Steve Davis, wote wapiga tromboni waliopita mikononi mwa Blakey.

Shaw mwenyewe naye akawa rafiki wa kazi wa miaka mingi. Turre yumo kwenye albamu yake ya The Moontrane, iliyorekodiwa mwaka 1974, si kama mpigaji tu: utungo wake uitwao Sanyas umo humo. Miaka ya mwanzo ya 1980 wawili hao walisimama mbele ya kundi la watu watano lililokuwa na Mulgrew Miller kwenye piano, Stafford James kwenye besi na Tony Reedus kwenye dramu. Kwangu mimi, hapa ndipo Turre anaposikika vizuri kuliko mahali pengine popote akiwa chini ya kiongozi mwingine. Shaw alikuwa na tabia ya kuruka mbali na nota za wimbo kisha kurudi kwa njia usiyoitegemea, na tromboni ilibidi imfuate huko bila vali za kuisaidia.

Televisheni na jazi hazikuwa maadui

Katika orodha ya bendi zake ipo orkesta ya Thad Jones na Mel Lewis, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo fundo lilipo.

Orkesta hiyo ilianza kupiga katika klabu ya Village Vanguard mjini New York Februari 1966, kila Jumatatu usiku. Kwa nini Jumatatu? Kwa sababu wengi wa wanamuziki wake walikuwa watu wa studio. Wiki nzima walikuwa wakirekodi matangazo ya biashara, muziki wa filamu na vipindi vya televisheni, na Jumatatu ilikuwa usiku mtulivu. Thad Jones mwenyewe alikuwa mwanamuziki wa kituo cha televisheni cha CBS. Kwa maneno mengine, mojawapo ya orkesta kubwa kuliko zote katika historia ya jazi ilizaliwa na watu walioishi kwa mshahara wa televisheni. Walikuwa wanasoma nota yoyote kwa kuitazama mara moja, wamechoshwa na muziki wa sabuni na sigara, na wana hamu ya kupiga kitu chao.

Zamani vituo vikubwa vya Marekani viliajiri wanamuziki kwa mshahara wa kudumu, kama vinavyoajiri mafundi mitambo. NBC ilikuwa na orkesta ya simfonia iliyoongozwa na Arturo Toscanini kuanzia mwaka 1937, na studio iliyotumika kwa matangazo yake ni hiyo hiyo 8H. Kazi hizo kwa muda mrefu zilikuwa za Wazungu. Clark Terry, mpiga tarumbeta aliyetoka bendi ya Duke Ellington, aliingia NBC mwaka 1960 akiwa miongoni mwa Waafrika-Wamarekani wa kwanza kabisa kuajiriwa humo kwa kudumu, na kila usiku watu wakamwona kwenye bendi ya kipindi cha mazungumzo cha Tonight Show. Snooky Young, tarumbeta ya kwanza ya bendi ya Count Basie, alikuwa bendi hiyo hiyo. Bendi ya kipindi cha Merv Griffin nayo ilikusanya majina yanayomtosha mpenzi wa tromboni maisha yake yote: Bob Brookmeyer, Bill Watrous, Jimmy Cleveland.

Mambo yakabadilika. Tonight Show ilihama New York kwenda California mwaka 1972, na baadhi ya wanamuziki, Clark Terry akiwa mmoja wao, wakabaki. Johnny Carson, mwendeshaji wa kipindi hicho, alipostaafu Mei 1992, bendi kubwa ya Doc Severinsen ikaondoka naye, na nafasi yake ikachukuliwa na kundi dogo la Branford Marsalis. Tangu hapo, kazi ya kudumu kwa mpiga tromboni kwenye televisheni ya Marekani imekuwa adimu mno. Kinanda cha kielektroniki kimoja kikaweza kuigiza safu nzima ya wapulizaji, au wenye hesabu wakaamini hivyo.

Saturday Night Live ilianza Oktoba 11, 1975, ikiwa na bendi iliyoongozwa na Howard Shore, Mkanada ambaye baadaye alijulikana kwa muziki wa filamu. Kwenye tromboni alikuwa Tom Malone, ambaye naye anastahili makala yake: alipitia Frank Zappa, Blood, Sweat & Tears na orkesta ya Gil Evans, akaingia Blues Brothers, akaongoza bendi ya kipindi katika miaka ya mwanzo ya 1980, na baadaye akakaa kwenye bendi ya kipindi cha David Letterman kule CBS kuanzia 1993 hadi Letterman alipostaafu 2015. Mwaka 1985 bendi ikasukwa upya. Mpiga gitaa G.E. Smith akawa kiongozi, na Lenny Pickett akaja na saksafoni yake kutoka Tower of Power, bendi ya fanki ya Oakland. Yeye ndiye aliyeshika uongozi kuanzia 1995. Turre aliingia katika kipindi hicho cha mabadiliko. Angalia ramani: Pickett na Turre wote wanatoka kwenye ghuba ile ile ya San Francisco, ambako wapulizaji waliheshimiwa ndani ya soul na fanki kama walivyoheshimiwa ndani ya jazi.

Jumamosi inavyokwenda

Kazi yenyewe ni hii. Jumamosi kuna mazoezi, halafu saa mbili usiku kipindi kizima kinafanywa mara ya kwanza mbele ya watazamaji, kikiwa kirefu kuliko kitakachorushwa. Baada ya hapo watayarishaji wanakata na kupanga upya: kichekesho hiki kinatoka, kile kinasogezwa. Ikifika saa tano na nusu, watazamaji wengine wameshaingia, na sasa hakuna kurudia.

Vipindi vya matangazo ya biashara ndivyo muda wa bendi. Aliyepo studio anasikia wimbo mzima ukipigwa kwa nguvu, huku mafundi wakikimbiza mandhari za mbao kutoka upande mmoja kwenda mwingine na waigizaji wakibadilishwa mawigi. Wa nyumbani anasikia mwanzo wa wimbo kabla ya tangazo na kipande cha mwisho baada yake. Saa ndiyo inayotawala. Bendi inaweza kuashiriwa ikate katikati ya solo kwa sababu seti iko tayari, au iendelee kwa sababu mlango wa kichekesho kinachofuata umegoma kusimama. Mwishoni, mgeni wa usiku huo anapoaga na kila mtu amekumbatiana jukwaani, bendi inapiga ule wimbo wa kufunga wa mwendo wa waltz, utungo wa Howard Shore, mpaka wakatwe hewani.

Sasa jiulize nani anaweza kazi hiyo. Anatakiwa mtu anayesoma nota mara ya kwanza bila kosa, anayeweza kupiga mkwaju wa fanki, kisha bluu ya taratibu, kisha mzaha wa muziki wa sarakasi kwa sekunde nane. Awe na pumzi ya kupuliza kwa nguvu usiku kucha. Akiashiriwa apige solo, aseme jambo lenye maana kwa muda mfupi sana. Ray Charles, salsa, Blakey, Jumatatu za Vanguard: kila kituo alichopita Turre kilimpa kipande cha kazi hiyo. Wanaosema aliiacha jazi kidogo ili akae televisheni wameligeuza jambo. Jazi ndiyo iliyomfaulisha.

Kuna na upande wa riziki, nao usemwe waziwazi. Mpiga jazi Marekani hulipwa kwa usiku. Klabu ikifungwa, au ukiumwa, hakuna kitu. Na bima ya matibabu kule mara nyingi inategemea ajira. Kazi za televisheni hufanywa chini ya mikataba ya chama cha wanamuziki, ambayo huweka viwango vya malipo na michango ya bima na pensheni. Halafu Saturday Night Live ina jambo moja ambalo kipindi cha kila siku hakina: msimu wake ni wa vipindi kama 20 hivi, kuanzia majira ya vuli hadi Mei, na kazi inaangukia mwisho wa juma. Miezi ya kiangazi iko huru. Tamasha kubwa za jazi za Ulaya hufanyika kiangazi. Ukiziweka hesabu hizo mbili pamoja, unaona jinsi mtu alivyoweza kushika kiti cha televisheni kwa miongo na wakati huo huo kutoa albamu zake mfululizo tangu 1987, kupiga na Brass Fantasy ya Lester Bowie, na kuwemo kwenye United Nation Orchestra ya Dizzy Gillespie, ile iliyorekodiwa Royal Festival Hall mjini London mwaka 1989, Turre na Slide Hampton wakiwa safu moja ya tromboni.

Msanii mwenye kodi ya nyumba iliyolipwa anaweza kujaribu kitu ambacho hakuna klabu ingemlipa ajaribu. Kwa Turre, kitu hicho kilikuwa kome.

Kome linavyokuwa chombo

Aliyemwonyesha njia ni Rahsaan Roland Kirk, mpulizaji kipofu aliyeweza kupiga saksafoni tatu kwa mpigo, na ambaye alikuwa akipuliza pia kome jukwaani. Turre alipiga naye miaka ya 1970, akalisikia, likamkaa kichwani. Baadaye, akiwa Mexico City katika ziara na Woody Shaw, jamaa zake wa huko wakamweleza kwamba mababu zao nao walipuliza makome. Tangu hapo hakuliacha tena.

Namna ya kulitengeneza ni rahisi kueleza. Kome kubwa la bahari lina ncha, na ndani yake kuna njia inayozunguka na kupanuka hadi kwenye mdomo. Unakata ncha kwa msumeno, unalainisha ukingo mpaka midomo ikae vizuri, kisha unapuliza kwa kutikisa midomo kama kwenye tromboni. Ukubwa wa kome ndio unaoamua sauti: dogo linatoa sauti ya juu, kubwa sauti ya chini. Ukikata zaidi sauti inapanda kidogo, na hapo ndipo pa kuwa mwangalifu, maana gamba likishakatwa halirudi. Ukiingiza mkono kwenye mdomo wa kome, sauti inashuka. Kadiri unavyouingiza ndivyo inavyozidi kushuka. Kwa hiyo kome moja linakupa nota chache zinazopatikana kwa sikio tu, bila bomba, bila vali, bila alama.

Pwani yetu inaijua sayansi hii kwa mikono. Siwa ya pembe za ndovu ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu, zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, hupata sauti kwa midomo inayotikisika vile vile. Mpiga tromboni ana faida anapoliendea kome, kwa sababu midomo yake na sikio lake vimeshazoea kutafuta sauti mahali pasipo na alama. Saksafoni isingemwandaa hivyo.

Nota chache hazitoshi wimbo wa jazi. Turre akatatua kwa kukusanya makome ya ukubwa tofauti. Jukwaani huyapanga mbele yake, anashika hili, analiweka, anashika lile, wakati mwingine anapuliza mawili kwa pamoja ili sauti zilingane. Kisha akaenda mbali zaidi: albamu ya Sanctified Shells, ya mwaka 1993, ina kwaya nzima ya wapulizaji, kina Robin Eubanks na Clifton Anderson wakiwemo, kila mtu na makome yake, na ngoma za Kiafrika na za Kilatini chini yao. Dizzy Gillespie, aliyefariki Januari mwaka huo huo, anasikika humo kwa tarumbeta yake.

Mpangilio huo una ndugu zake upande wetu wa dunia. Katika amakondere za Bunyoro na Ankole, au agwara za Waalur kaskazini-magharibi mwa Uganda, kila pembe ina sauti yake chache, na wimbo unakamilika pale wapulizaji wanapopokezana kwa zamu zisizokosea. Hakuna mtu mmoja anayeumiliki wimbo. Kwaya ya makome inafanya kazi hivyo hivyo, na ndiyo sababu inahitaji wanamuziki waliozoea kukaa ndani ya safu: kuingia kwa wakati, kutoka kwa wakati, kusikiliza wa kulia na wa kushoto. Mazoea hayo ndiyo yanayofundishwa na kila Jumatatu ya Vanguard na kila Jumamosi ya studio.

Kura za jarida la DownBeat zimemweka juu mara nyingi, kwa tromboni na pia katika kundi la vyombo visivyo vya kawaida, kwa ajili ya makome. Hata hivyo jina lake halijafika pale majina ya wapiga tarumbeta wa kizazi chake yalipofika. Nadhani sababu ni tromboni yenyewe, chombo ambacho watu hukisikia ndani ya safu na kukisahau, ikichanganyika na wasiwasi wa wahakiki kuhusu mtu yeyote anayeonekana kwenye televisheni. Ni hasara kwao. Sikiliza anavyotumia kizibo cha mpira, kile kichwa cha kuzibulia sinki, mbele ya mdomo wa tromboni, mtindo wa Tricky Sam Nanton wa bendi ya Ellington uliopita kwa Al Grey wa bendi ya Basie. Mkono wa kushoto unafungua na kufunga mpira, wa kulia unatafuta nafasi, koo linanguruma, na chombo kinaanza kuongea kama mzee mwenye hadithi ndefu.

Anayetaka kuanza kumsikiliza, ningemwambia aanze na The Moontrane, asikie Sanyas ikiwa bado mpya. Kisha Sanctified Shells, kwa sauti kubwa, maana makome yana besi ambayo spika ya simu haiwezi kuitoa. Kisha Colors for the Masters ya mwaka 2016, ambako amekaa na Kenny Barron, Ron Carter na Jimmy Cobb, watu waliomzidi umri na wasio na haraka yoyote. Na ukikutana na kipande cha zamani cha Saturday Night Live, usikiruke kwenye matangazo ya biashara. Safu ya wapulizaji inaingia hapo.